Weupe Waanza, Hatua Mbili

Nyuma ya risiti ya vidonge vya presha
Bi Shinuna amechora vyumba sitini na vinne
kwa wino wa buluu, rula haikutumika.
Kete saba tu. Chini ameandika:
weupe waanza, shaha mweusi afe kwa mbili.
Akachukua dawa zake, akaenda.

Saa nane za usiku, Ruwi, Agosti.
Kioo cha mlango kinatoka jasho upande wa nje.
Nimekaa nyuma ya kaunta
natafuta mauti ya mtu asiyenikosea.

Nilianza kwa farasi. Nani asingeanza kwa farasi?
Anaruka, anatisha, shaha hana pa kukimbilia,
ila kile kitunda cha kando, nilichokidharau,
kinasogea chumba kimoja na yote yameharibika.
Nikajaribu ngome. Kitunda.
Nikajaribu malkia, kwa kishindo,
kama anayegonga nyumba ya mdeni wake.
Kitunda kile kile.

Hapo nikacheka peke yangu.
Mwanamke huyu aliketi jikoni kwake Wadi Kabir,
akaona pupa yangu itapita wapi,
akaniwekea mdudu huyu mlangoni.
Wengine hukutega wakumalize.
Yeye kanitega nichelewe kidogo, nitazame.

Akaingia dereva wa teksi, kikohozi kinamtikisa.
Namhesabia chenji, baisa mia tatu, mia nne,
na mkono ungali hewani nikaona:
malkia arudi nyuma.
Arudi hadi pembeni kabisa, mbali na vita,
asimtishe mtu.
Na weusi, ambao sasa zamu ni yao,
wangelipa chochote waachwe wakae kimya:
kitunda kikisogea kinafungua njia,
tembo akitoka anaacha pengo,
na shaha mwenyewe, popote akanyagapo,
farasi wangu yuko tayari.

Wazee humwita shaha mfalme wa ubao,
na shaha pia ni bingwa wa malenga.
Nilidhani neno limegongana tu na jenzake.
Lakini hapa hakuna kete ya kujazia,
kama vile hakuna mizani ya kujazia;
ondoa hata kile kitunda, beti linavuja.

"Dokta," dereva akasema, "chenji yangu."

Alhamisi Bi Shinuna akarudi.
"Malkia, pembeni," nikamwambia.
Hakunisifu. "Ulianza kwa farasi?"
"Ndiyo."
Jino la dhahabu likaonekana.
Akafungua mkoba, akanipa karatasi nyingine.
Kete tano.