Alama ya Bidoni

Daftari langu lina falme saba na ngao saba.
Nilizichora kwa biki nyekundu, umeme umekatika,
simu nimeibana kwa meno iniangazie.
Nyumba ya Ombeko: chui mwenye mikia miwili.
Nyumba ya Tarhu: ngoma iliyopasuka,
wala hawaoni haya, waliipasua wenyewe
siku walipokataa kumpigia mfalme.
Ngao hizo hazifi. Hupokezanwa kama deni.
Mtoto huzaliwa, hajafungua macho,
chui keshamkalia kifuani.

Na kuna Ziraje, msichana wangu, mpanda kifaru,
aliyetolewa ukoo kwa kusema ukweli mezani.
Sura ya tisa amefika lango la mji.
Mlinzi anamuuliza: "Ngao yako ina nini?"
Hapo biki ikagoma. Wiki tatu
nimemwacha mwenzangu amesimama juani.

Saa kumi alfajiri Mama ananigusa mguu.
"Kyakimwa. Maji."
Nje mawe meusi bado yana baridi,
mlima umeyapaka mawingu wekundu wake,
na pale bombani Katoyi bidoni zimepanga foleni
tangu jana, wenyewe wamelala.
Njano, zote njano, zote lita ishirini,
jeshi lenye sare moja.
Ungezitambuaje bila alama?
Yenye msalaba wa rangi ya kucha ni ya kina Bauma.
Yenye kitenge shingoni ni ya kina Nzigire,
kitenge cha arusi ambayo haikufika mwezi.
Ile imeandikwa PASTA kwa herufi kubwa,
na bado imeibwa mara mbili.

Yetu ina michomo mitatu, wa mwisho umepinda.
Nyanya Katungu aliichoma kwa msumari wa moto
waliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, lava bado inafuka,
na mkono ulimtetemeka. Basi.
Bidoni ile ilipasuka kabla sijazaliwa,
alama ikahamia nyingine, na nyingine,
na kila mara tunaupinda mchomo wa tatu kwa makusudi.
Mjomba Paluku aliwahi kuunyoosha.
Alisemwa mpaka jioni.

Mwezi huu nilinunua yangu, ya lita kumi,
kwa pesa za kuwachapia wanafunzi kazi zao za mwisho.
Mama akaweka msumari kwenye makaa.
"Mitatu," akasema, kama mtu anayetaja jina langu.
Nikamwambia hapana, Mama, hii ni yangu.
"Mwacha asili..." akaanza, akaiacha hapo,
akaenda kutwanga sombe.

Nilichoma koma.
Koma tu: alama ya mtu ambaye hajamaliza kusema.
Niliifikiria usiku kucha, nikajiona mwerevu.
Plastiki ikayeyuka, kichwa kikavimba,
mkia ukatiririka ulikotaka.
Asubuhi bombani mtoto wa kina Bauma akapaza sauti:
"Bidoni ya kiluwiluwi ya nani? Isogezwe!"
Foleni nzima ikacheka, na kufikia Jumapili
nami nikawa Kiluwiluwi,
hata muuza makaa ananiita hivyo.
Hakuna aliyeniuliza nilimaanisha nini.

Jioni Mama aliigeuza bidoni kwenye mwanga wa mlango,
akapitisha kidole penye mkia.
"Hapa pamepinda vizuri," akasema,
akaenda zake.

Usiku nikarudi langoni. Juu ya ngao tupu ya Ziraje
nikachora kichwa, nikachora mkia.
Mlinzi anacheka mpaka kofia ya chuma inadondoka:
wenzako wana chui, wana ngoma, wewe
unatuletea kitoto cha chura?
Ziraje anamshika kifaru sikio.
"Ngoja mvua," anamwambia,