Kiwanja Namba Sitini na Tatu

Mtaa wetu unaitwa Josho. Wapangaji wapya
hudhani ni jina la mtu, labda Mgiriki
aliyekuwa na shamba huku Chanika.

Ni shimo. Mfereji wa zege, mrefu kama ukumbi;
ng'ombe aliingia upande huu na kupe zake,
akatokea upande ule macho mekundu, akipiga chafya.
Baba yangu, Gidamis, alisimama ukingoni
na mti wenye panda, akizamisha vichwa.
Mia tatu na kumi, kila Alhamisi.
Hakuhitaji namba za masikioni:
Kidoti, Pembe Moja, Malkia, yule mtamba wa meneja.
Nguo zake zilinuka dawa hata zikifuliwa mara mbili.
Mama alizianika mbali na zetu.

Kisha mshahara ukaanza kuja kwa ahadi.
Malori yakawabeba ng'ombe usiku, mnadani Pugu,
na asubuhi kukawa na kimya
ambacho hata mbwa hawakukielewa.

Wakaja wapimaji na kamba na mawe yenye namba.
Malisho yakakatwa ishirini kwa thelathini.
Zizi la ndama sasa ni kanisa; mizani iliuzwa chuma chakavu;
barabara ilifuata mapito ya ng'ombe kwenda bwawani,
ndiyo maana imepinda vile,
ndiyo maana gari la majitaka hukwama penye kona
na watu hulaumu serikali ya mtaa.

Malimbikizo ya miaka minne baba alilipwa kwa ardhi:
kiwanja hiki ninachokaa, na sitini na tatu.
Sitini na tatu alikifukia mwenyewe, kwa kifusi na toroli,
akapanda ukoka juu, akaumwagilia
mpaka ukashika. Ndipo akaita mnunuzi.
Noti alizihesabu kama alivyohesabu ng'ombe,
kwa kidole, midomo ikicheza.
Alikuwa na binti kidato cha tatu
aliyerudishwa nyumbani kwa ada.

Leo pale kuna nyumba ya vigae, geti jeusi,
na Mama Tulizo anayependa bustani.
Mchicha wake huota, hufika urefu wa kidole, hugeuka njano.
Amenunua samadi. Ameleta udongo wa Mkuranga, tripu tatu.
Ameleta na mtu wa dua.
Jana aliniita ukutani:
"Jirani, wewe mzaliwa. Hapa palikuwa na nini?"

Nikasema, malisho.

Jioni nikampelekea matembele ya kwangu,
yanayostawi mpaka yanaudhi.
Akapokea kwa mikono miwili, akauliza nayatia nini.
Akasema amechoka na maji ya kununua,
kuna vijana wa kuchimba kisima, kesho wanaanza,
na mimi niwe wa kwanza kuja na ndoo.

Nimefua kanga hii mara mbili.
Kesho Alhamisi.