Usingizi Ndani ya Sumaku

Nilimwambia avue kila chuma:
hereni, saa, pini za nywele,
na lile jani la shaba alilofuliwa na baba yake.
Akavua kwa vidole visivyomtii,
jani likamponyoka, likalia sakafuni, ting',
na mzee Priamo, mlangoni, akageuka
kama mtu aliyeitwa jina.

Shaba nyingine haikuvulika.

Miaka kumi na tisa. Mwezi Machi kahawa ilianza kumwagika,
kisha mwandiko ukapinda, kisha ulimi ukawa mzito.
Huko Isili wakanong'ona: Greca siku hizi analewa.

"Usitikisike," nikasema kwenye kipaza sauti,
kama aombaye mto usimame.
Picha ya kwanza, ukungu.
Ya pili, ukungu.
Zamu yangu inakwisha, watu wanne wapo kwenye benchi.
Ya tatu niliibonyeza kwa hasira kidogo, nakiri.

Mashine ikagonga:
ngo ngo ngo, ikapumua, ngo ngo ngo,
na miguu yake, iliyokuwa ikicheza ngoma isiyo na mpigaji,
ikatulia mmoja, ukafuata wa pili.
Amelala!
Baadaye alinieleza, neno kwa neno, akiyavuta kama ndoo kisimani:
"Karakana ya baba. Nilikuwa nalala chini ya meza,
yeye juu anafua masufuria."

Basi alipolala ndipo nikaona.
Katikati ya ubongo, kokwa mbili
zinazopaswa kuwa kijivu cha majivu ya jana
ziling'aa nyeupe, huku na huku,
macho ya paka mbele ya taa za gari.
Chini yake, kwenye shina, uso wa panda.
Wanafunzi huupenda uso huo, husukumana kuuona, hucheka.
Mimi pia nilicheka, mwaka wangu wa kwanza.

Daktari Murtas akamweleza mzee:
ini limeshindwa kuitoa shaba, imejaa, imepanda kichwani.
Mzee akatazama viganja vyake,
kijani kwenye mikunjo, miaka arobaini ya fuawe.
Mchuma janga hula na wa kwao:
niliisoma usoni pake kabla hajafungua kinywa.
"Ni nyundo yangu?"
"Si nyundo. Ni damu. Nusu yako, nusu ya mama yake.
Mlibeba wote wawili bila kujua."
Akakaa.
"Nyundo ningeitua," akasema.

Mwaka umepita, wa vidonge na mkojo wa kupimwa,
bila maini, bila chokoleti, bila kome.
Leo kokwa zimefifia. Ya kushoto bado kaidi.
Greca ametia sahihi fomu mwenyewe,
herufi zimeegemeana kama watu watokao harusini.

Mzee ameniletea birika dogo la kahawa, la shaba,
ndani limepakwa bati, safi, linanionyesha pua yangu.
Najua halina kosa. Nimesoma, kazi yangu ndiyo hii.
Lipo juu ya kabati.
Mpaka sasa sijalichemshia maji.