Kumbukumbu za Jumanne

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika
yaliyosemwa, si yaliyotaka kusemwa.

Chumba namba mia tatu na tatu, ghorofa ya juu, Duluth.
Bomba la joto linagonga kama mgeni asiyefunguliwa mlango.
Saa kumi na moja na nusu jioni, giza limeshatanda,
theluji inaanguka mshazari kutoka ziwani.
Madiwani ni watano; wakifika watatu, akidi imetimia,
na Mwenyekiti Tollefson hugonga meza kwa kalamu
kwa kuwa kinyundo kilipotea mwaka juzi
na hakuna kamati iliyopitisha fedha za kununua kingine.

Watu hudhani jiji huamuliwa Jumatatu,
kule chini, kwenye ukumbi wa bendera na kamera.
Jumatatu ni mikono tu: juu, chini, limepita.
Huku ndiko samaki angali mbichi.
Huku mhandisi huulizwa "kwa nini?"
akajibu "sijui, nitaangalia,"
maneno ambayo Jumatatu hayamtoki mtu.
Viti vya wananchi ni ishirini na vinne.
Nimezoea kuvihesabu vitupu.

Leo kimoja kina mtu.
Ardis Niemi, dereva wa basi la shule miaka thelathini na mmoja;
viatu vyake vimeacha kidimbwi chini ya kiti.
Ijumaa aliisoma ajenda iliyobandikwa maktaba,
kurasa kumi na tisa, kwa miwani na penseli,
hadi kwenye fungu la mambo yasiyopingwa,
lile linalopita lote kwa pumzi moja,
na humo, katikati ya mabomba na rangi za vivuko:
6(d). Kuondoa miundombinu chakavu, Mtaa wa Tisa.
"Miundombinu chakavu," aliniambia mlangoni
akijaza kadi ya kuomba kusema,
"ni ngazi yetu."

Dakika tatu. Taa ya kijani, ya njano, nyekundu.
Hakulia wala hakukemea.
Akasema ngazi ina vidato tisini na vinne
na kituo cha basi kiko chini yake.
Wauguzi huishuka alfajiri,
maana barabara inazunguka kilima na haina njia ya miguu.
Akataja kidato cha arobaini, kilichopasuka,
alichokipaka mwenyewe rangi ya chungwa
watoto wa kina Vang wasijikwae.
"Sijaja kuwapinga," akasema. "Nimekuja kuwaomba
mkiite kitu kwa jina lake kabla hamjakivunja, na"

Nyekundu.
Akaketi. Ile "na" ikabaki hewani.

Bomba likagonga.
Kisha Diwani Renquist, ambaye saa hizi hufungua barua zake:
"Naomba 6(d) itolewe kwenye fungu."
Hahitaji sababu. Hahitaji wa kumuunga mkono.
Akiomba mmoja tu, jambo hutolewa gizani
likawekwa mezani peke yake, lihojiwe.

Usidhani ngazi iliokoka.
Iliahirishwa wiki mbili. Wakaenda kuikagua, wawili kati ya watano.
Wakarudi na makisio; makisio yakaenda kamati ya fedha;
kamati ya fedha ikakuna kichwa hadi Aprili.
Mwishowe: kishikio upande mmoja, vidato kumi na vitatu vipya,
yaliyobaki "yataangaliwa bajeti ijayo."
Ardis alikuja mara zote nne.
Mara ya pili na muuguzi mmoja, aliyesinzia kitini.
Mara ya nne viti saba vilikuwa na watu,
nikalazimika kuchapa kadi zaidi.

Ukifungua faili utasoma:
Bi. A. Niemi, mkazi, alizungumzia 6(d).
Tunaziita kumbukumbu,
kumbe ni ufundi wa kusahau kwa mpangilio.
Rangi ya chungwa haimo.
Kidimbwi hakimo; nilikipangusa mwenyewe baada ya kikao.

Lakini ukurasa wa nne, chini ya jina lake,
nimeacha mstari mmoja mtupu.
Wakiniuliza, nitasema ni mashine.