Bomba la Baridi

Mwezi wa sita, Sibu, bomba la baridi lachemka.
Tangi liko juu ya dari, jua limelikalia tangu asubuhi.
Ukitaka maji ya kunawa uso, fungua la moto:
mtambo tumeuzima tangu Aprili,
maji yamelala humo ndani, gizani, yamepoa.
Mgeni hatumwambii mara moja. Anaungua, anaruka,
ndipo tunamfunza: huku kwetu, bwana, kulia ni kushoto.

Ijumaa tukaenda Rustaki, shambani kwa Bi Raiya.
Usukani nimeushika kwa kitambaa,
chuma cha mkanda kimenipiga chapa mkononi.
Mbele yetu lami imejaa maji yasiyofikika.
"Mama," akauliza Azzani, "nani kayamwaga?"

Ukivuka ukuta wa udongo, joto linabaki mlangoni
kama jirani aliyenuna: haondoki, hakaribishwi.
Mitende juu; chini yake miembe na milimau;
chini ya milimau majani ya ng'ombe, mabichi, yananukia.
Kivuli kimevaa kivuli
kama bibi aliyejifunga kanga tatu.

Zamu yetu ya maji ni saa nane na robo.
Rofikuli yupo kwenye falaji, saa mkononi,
tambara na jiwe vyangoja mguu wake.
Dakika ikafika. Akazibua.
"Yaja kuno, Bibi!" akapaza sauti,
kwa Kiswahili cha Wete, kile chenyewe.
Katoka Silheti. Pemba hajaiona hata kwenye picha.
Lakini Bi Raiya, miaka kumi na mmoja,
hajamsemesha kwa lugha nyingine:
Kiarabu, asema, ni cha benki na hospitali,
mtende hausikii.

Maji yakaja yamesukuma majani makavu,
kipande cha sabuni ya mtu wa juu,
na kereng'ende mwekundu akiyasimamia.
Tukatia miguu. Visamaki vikaja kutudonoa vidole,
Azzani akacheka mpaka kofia ikamdondoka,
ikaenda kwa majirani.

Tukala papa mkavu, vitunguu na limau,
wali mweupe, na lebeni ya chumvi na pilipili
inayokutoa jasho kwanza, ndipo ikupoze.
Kisha tende za naghali, za mwanzo,
nusu njano nusu kahawia:
huku yakatika kwa mlio, huku yayeyuka.
Mimi nilianza kuzihesabu kokwa zangu.
Bi Raiya akazifagia kwa kiganja, akawapa mbuzi.

Saa tisa umeme ukakatika. Feni ikazunguka,
ikasita, ikakumbuka, ikanyamaza.
Hakuna aliyesema kitu.
Bi Raiya akainuka, akachovya kanga kwenye falaji,
akaikamua nusu, akajitandika mkekani.
Kanga kuukuu; ikiwa kavu ni nyeupe tu, haisomeki.
Imelowa, herufi zikarudi moja moja,
kama watu watokao usingizini:
KIVULI CHANGU HAKITOSHI WAWILI.

"Maneno gani hayo, Bibi?"
"Niliinunua kwa ajili ya mke mwenzangu.
Kafa yeye, imebaki kanga."
Akanyamaza kidogo. Akainua pindo.
"Ingia basi, unangoja nini? Yakauka hii."

Nikaingia. Palinuka udongo na limau.
Azzani naye akajisukuma katikati, miguu ikichuruzika,
na upepo uleule uliotuchoma barabarani
ukatupitia kwa adabu.

Jioni alinipa kanga hiyo, mbichi, nijifunike njiani.
Hatujafika Barka, imekauka, maneno yamekwenda.

Usiku, Sibu, mtoto amelala na tende mkononi.
Nimefungua bomba la moto,
nikailowesha,
nisome tena.