Susu la Rose-Alma

Mtu wa takwimu alinipigia simu saa ya chakula.
Sauti ya kijana, yenye mafua.
Una watoto wangapi? Mmoja.
Ulitaka wangapi? Nikanyamaza,
nikatazama susu lililo kando ya jiko,
limejaa kuni.

Babu alilichonga kwa msonobari mwaka wa harusi.
Ukingoni kuna alama za meno, safu juu ya safu.
Bibi Rose-Alma alizaa kumi na watatu
chumba cha nyuma, hapa hapa Saguenay,
theluji ikigonga kioo.
Wawili hawakufikia umri wa kung'ata.

Kila Januari padri alizungukia nyumba.
Alikunywa chai, akalisukuma susu kwa ncha ya kiatu,
akasema: Naona susu tupu, Rose-Alma.
Bibi alijua jibu linalotakiwa.
Likaja Oktoba.

Na shamba lile, si lilikuwa la mawe?
Mtoto wa miaka sita aliyaokota, wa minane alikama.
Kwa hesabu ya shamba, kumi na watatu hawakutosha.

Exilda, kifungua mimba, alitolewa shule darasa la nne
awabebe wadogo zake. Alibeba hadi nyonga ikapinda.
Akiwa na miaka kumi na tisa akaingia utawani.
Watu walisema ameitwa na Mungu.
Mimi nadhani alitaka kulala.

Mama yangu, Ghislaine, alikuwa wa kumi na mbili.
Alipata ukarani benki, mshahara wake mwenyewe,
na vidonge alivyovificha ndani ya kopo la hamira.
Padri alipouliza, alimwongezea chai.
Mwaka uliofuata padri hakuja.
Tulizaliwa wawili, basi.

Kijana akakohoa. Akanisomea sababu, nichague:
mapato, makazi, masomo, mwenzi.
Masomo yalikwisha nikiwa na miaka thelathini na miwili,
deni lake bado. Mjini, chumba kimoja cha kulala.
Réjean aliondoka na mashine ya kahawa.
Nafasi ya chekechea ilipatikana
Noémie akiwa amekwisha kujua kufunga kamba za viatu.
Yote hayo ni kweli. Lakini pia, kijana,
niliupenda ukimya wa saa tatu usiku,
kitabu kifuani, mtu mmoja tu akipumua chumba cha pili,
na hilo halimo kwenye orodha yako.
Weka "mengineyo", nikamwambia.
Akaweka. Nilisikia kibonye.

Sasa Noémie amezitupa kuni zote sakafuni
ajikunje ndani ya susu na simu yake,
miguu ya miaka kumi na mmoja ikining'inia nje.
Hili lilikuwa la nini?
La kuni, nasema.

Anapitisha kidole kwenye alama za meno, moja moja,
midomo ikicheza bila sauti.
Amefika saba.
Simkatizi.