Pete ya Kitovu

Aliingia karakana yangu Jumanne, theluji ikimyeyukia viatuni,
Oili Hakkarainen, mkunga, mstaafu wa mwezi mmoja,
na nje likinguruma kama mnyama aliyeambiwa akae
stesheni wagoni la kijivu, farasi mia sita chini ya boneti.
Aliuza msitu wa babake, hekta mbili za misonobari.
"Miti ile," akasema, "haikuwa na safari."

Akatoa picha iliyokunjwa mara nne:
rimu nyeusi, upana inchi kumi, ofseti ishirini,
spoki nyembamba, zimejipinda kidogo
kama mtu anayegeuka kuona nani kamwita.
Kipendacho moyo, nilijua. Nikachukua kalamu.

Rimu zako za kiwandani ni inchi tisa, ofseti ishirini na sita.
Hizi zitatoka nje milimita kumi na tisa,
zitaingia ndani saba.
"Saba si kitu," akasema.
Nikamwonyesha shokamzoba, na mwanya uliobaki,
nikamwonyesha kalipa ya breki, nene kama mkate wa shayiri.
Akanyamaza. Akaingiza kidole mwenyewe, bila glavu,
akapima gizani kama alivyopima miaka thelathini na nne,
macho akiyatazamisha dari.
"Hapa ndani panabana," akasema. "Na huko nje?"

Nje ni lazima ujaribu.
Nilikuwa na rimu za mteja mwingine, vipimo vilevile.
Tukazifunga. Tukapakia nyuma magunia sita ya chumvi ya barabarani,
nikamkalisha Veli, kijana wangu wa kazi, juu yake,
naye akalalamika hadi tulipovuka daraja la Jyväskylä.
Kwenye tuta la kwanza tukasikia:
*krrr*,
mpira ukilamba ukingo wa digadi.
Harufu ya kuungua ikatujia kabla ya maneno.
Oili akazima redio. Akaliendesha polepole hadi karakana,
taa za hadhari zikipepesa,
kama anayembeba mtu mwenye uchungu.

Ningeweza kukunja ukingo wa digadi. Wengi hukunja.
Ningeweza kulainisha ukweli pia, kwa bei ile.
Lakini mama huyu hubeba kuni za sauna za jirani watatu,
na barabara ya kwao, ikifika Aprili, ni mashimo tupu.

Basi tukaketi na kahawa na katalogi hadi saa mbili usiku.
Inchi tisa na nusu. Ofseti ileile ishirini na sita:
milimita sita na kidogo nje, sita na kidogo ndani,
kila upande ukitoa chake bila kinyongo.
Spoki kumi, rangi ya shaba iliyochoka.
Si zile za picha.
Aliitazama picha mara moja, akaikunja mara ya tano.

Zilipofika, tundu la katikati lilikuwa pana kuliko kitovu cha gari.
Nikamweleza: bila pete ya kuziba nafasi hii
gurudumu hukaa kwa kukisia tu, na kwenye mwendo mia na ishirini
usukani utaanza kutetemeka mikononi.
Nikampa ile pete, alumini, nyepesi, haifiki uzito wa barua.
Akaigeuza kwenye mwanga wa taa ya neoni.
"Nimefunga vitovu elfu mbili na zaidi," akasema,
"na vyote vilikuwa vya kuachanisha."
Kisha akaiingiza mahali pake kwa kidole gumba,
ikaingia kwa sauti ndogo, na Veli,
ambaye hana dogo la kunyamazia, akanyamaza.

Spana ya kupimia ikalia *tak*, mara ishirini, kwa mpangilio wa nyota.
Nikamwambia arudi baada ya kilomita mia, nati hukaza upya.

Alirudi kesho yake asubuhi. Kilomita mia nne na kumi na mbili.
Matope hadi vioo, gome la msonobari kwenye zulia la nyuma,
shaba haionekani.
Sikumuuliza alikokwenda.
Nati kumi na tisa hazikusogea. Moja
ilikubali robo mzunguko.